Missoula kwa miguu, na Baba

Baada ya kipindi chetu cha mwezi uliopita, msikilizaji mmoja wa Leicester alituandikia kwamba Kiswahili chake kinaishia mlangoni. Ndani ya nyumba ana maneno ya kutosha. Anajua sufuria, mwiko, "vua viatu", "umekula?", "zima taa", "usinijibu hivyo". Akishatoka nje tu, basi, maneno yamekwisha. Kila mti ni mti, kila ndege ni ndege, na yaliyobaki yote ni "ile kitu pale".

Najua wengi wenu mmejiona hapo. Muscat, Minneapolis, Toronto, hadithi ni hiyohiyo. Tumelelewa kwa Kiswahili cha ndani: cha jikoni, cha kukemewa, na cha salamu za simu. Kwa hiyo leo naandika kuhusu nje. Naandika kuhusu mji ninaokaa, mto wake na milima yake, na Jumapili nne nilizotembea huko na baba yangu.

Kwanza mji wenyewe. Missoula uko magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani. Ni mji mdogo; sensa ya 2020 ilihesabu watu 73,489. Mto Clark Fork unaukata katikati. Unaingia kutoka mashariki kwa kupenya kwenye korongo jembamba kati ya milima miwili, Sentinel na Jumbo, halafu bonde linafunguka. Kijito cha Rattlesnake kinashuka kutoka kaskazini na kuingia mtoni hapahapa mjini. Mto Bitterroot unatoka kusini na kuungana na Clark Fork magharibi kidogo ya mji. Milima imetuzunguka kama watu waliokaa kuzunguka sinia. Ukiwa katikati ya mji, unaweza kwenda kwa miguu hadi mtoni au hadi chini ya mlima, bila gari na bila kulipa kiingilio.

Familia za wakimbizi kutoka Kongo zilianza kufika hapa mwaka 2016. Yetu ilifuata baadaye kidogo. Baba ni mtu wa Baraka, Kivu Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, na kabla ya vita alikuwa mvuvi. Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, nikaja huku kabla sijamaliza shule ya msingi.

Mwezi wa pili mwaka huu Baba akasema anataka tuhame. Tuna ndugu Iowa. Kule, anasema, kuna Wakongo tele, kuna kanisa la Kiswahili kila upande, kuna maduka yenye sombe na ndagala. "Hapa mimi ni bubu," akasema. Sikuwa na la kumjibu, maana hospitalini ninayeongea ni mimi. Benki ni mimi. Kwenye ofisi ya nyumba ni mimi. Karani anamuuliza Baba tarehe yake ya kuzaliwa huku akiniangalia mimi usoni, na Baba amekaa pembeni, mikono magotini, yaani mtu mzima aliyekuwa anaongoza mtumbwi ziwani usiku na watu sita ndani. Huku anafanya kazi ya usafi usiku. Kwa miaka yote hii mji ameujua kwa dirisha la gari, tena gizani.

Sikubishana naye. Nilimwomba kitu kimoja: kabla hatujaamua, tutembee. Jumapili nne, tukitoka kanisani.

"Tutembee kwa nani?" akaniuliza.

Mnaona? Hilo ndilo swali la Kiswahili hasa. Kwetu kutembea ni kupiga hatua, lakini pia ni kwenda kuona watu. "Mama hayupo, ametembea kwa shangazi." "Karibu utembee kwetu." Mtu anayepiga hatua bila kuelekea kwa mtu yeyote ana neno lake, na wazazi wetu wanalijua vizuri: huyo anazurura. Kuzuru ni heshima, kuzurura ni aibu, na kati ya hayo mawili kuna silabi moja tu. Ndiyo maana ukimwambia mzazi wako "twende tukatembee mlimani" anakuangalia kama umeugua. Mlimani kuna nani?

Nikamwambia, "Tunaenda kuutembelea mto." Akacheka. Lakini alichukua koti.

Jumapili ya kwanza tulianzia darajani. Kama unataka kuujua mji wowote wenye mto, anzia kwenye daraja lake la katikati, kwa sababu hapo ndipo mji ulipoamua kuvuka. La kwetu liko mtaa wa Higgins, na sasa linaitwa Beartracks, kwa heshima ya familia moja ya Wasalish. Wasalish ndio wenyeji wa bonde hili, na hata jina Missoula limetoka kwenye lugha yao. Mwezi wa kumi 1891 waliondolewa kwa nguvu kutoka bonde la Bitterroot, kusini ya hapa, wakapelekwa hifadhi ya Flathead upande wa kaskazini. Kutoka kule hadi kule huna njia nyingine ila kulipita bonde hili. Walipita na vitu vyao, wazee wao na watoto wao.

Nilimtafsiria Baba. Akasimama kidogo, mkono kwenye reli ya daraja. "Na wao walibeba magodoro?" akauliza. Hakuwa anatania. Sisi tulipotoka kambini, godoro ndilo tulilogombania mwisho.

Nikamwambia jambo jingine ambalo nataka na ninyi mlishike. Wasalish wenye kuizungumza lugha yao toka utotoni wamebaki wachache sana. Huko Arlee, kaskazini ya hapa, waliianzisha shule iitwayo Nkwusm mwaka 2002 ili watoto wafundishwe kwa Kisalish. Sisi Kiswahili chetu hakina hatari hiyo. Kina mamilioni ya watu, kina redio, kina bongo fleva, kitaendelea hata sisi tukikaa kimya maisha yetu yote. Kitakachopotea ni sehemu yetu ndani yake, na hiyo hakuna serikali wala shule itakayokuja kuiokoa.

Chini ya daraja, pembeni mwa bustani ya Caras, kuna wimbi linaloitwa Brennan's Wave. Si wimbi la asili. Waliyapanga mawe chini ya maji mwaka 2006 ili mto uumuke mahali pamoja, na linabeba jina la mpiga kayaki wa hapa aliyefariki mtoni nchini Chile mwaka 2001. Siku ile vijana wawili walikuwa juu yake na mitumbwi yao midogo ya plastiki, baridi ikiwa bado kali. Baba aliwatazama muda mrefu.

"Huyu anapiga kasia na haendi popote," akasema.

"Ndiyo mchezo wenyewe, Baba."

Akaendelea kutazama. Halafu akaanza kunieleza, bila kuulizwa, yule kijana anafanya nini: anavyolaza kasia ili maji yamshike, anavyosubiri pale mkondo unapojikunja na kurudi nyuma, anavyojua mahali maji yamelala na mahali yana hasira. Kwa dakika kumi nilikuwa mwanafunzi. Mkondo nilikuwa nalijua kutoka vitabuni. Kupiga kasia nilisikia zamani kambini. Lakini maji kulala? Maji kuwa na hasira? Hayo sijawahi kuyasikia jikoni kwetu, na yasingetokea jikoni.

Jumapili ya pili tulifuata mto kuelekea juu, unakotoka. Upande wa kusini, nyuma ya chuo kikuu, kuna njia ya Kim Williams. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya Milwaukee Road. Leo vyuma vimeng'olewa, imebaki njia pana iliyonyooka, mto upande mmoja na mlima upande mwingine. Kim Williams alikuwa mama wa mji huu aliyependa mimea ya porini inayolika, na redio ya taifa ilimpa nafasi ya kuieleza nchi nzima. Alifariki 1986. Huyo mama yangu angemwelewa haraka, maana hata yeye kila akipita uwanja wenye majani lazima ainame aangalie kama kuna mchicha.

Njia hiyo inakuingiza kwenye korongo lenyewe. Linaitwa Hellgate. Wawindaji wa Kifaransa waliofika hapa zamani walikuta mabaki ya watu waliovamiwa na kuuawa kwenye mwanya huu, Wasalish na majirani zao walipokuwa wakipita kwenda kuwinda nyati na Wablackfeet wakawavizia. Wakapaita Porte de l'Enfer, Mlango wa Jehanamu.

Hapo sikulazimika kutafsiri. Baba alisoma kwa Kifaransa. Akarudia jina mara mbili, halafu akasema, "Na sisi tunao."

Kumbe kweli. Mto Lualaba, ule ambao mbele ya safari unakuwa Mto Kongo, ukishapita Kongolo unabanwa kwenye magenge, na mahali pale panaitwa Portes d'Enfer. Alifundishwa darasani akiwa mtoto, mwalimu akionyesha ramani kwa fimbo. Mlango wa Jehanamu uko Kongo, na mwingine uko hapa, dakika chache kutoka duka tunalonunulia mchele. Majina yote mawili ni ya Kifaransa, na kila moja ni la mahali mto unapobanwa. Baba alilipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaufundisha mto wa Kongo kwa mikono, hapa Kisangani, hapa unageuka, hapa unaingia baharini.

Kwenye korongo hilohilo aliona ndege kabla yangu. Alikuwa amesimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kisha akajitupa miguu mbele na kuinuka na samaki. "Furukombe," Baba akasema. Nikatazama kwenye simu. Huyu wa hapa si yuleyule wa ziwani kwetu, mwenye kichwa cheupe na sauti ya kulia. Huyu ni mdogo kidogo, na kila mwaka hufika kuanzia mwezi wa nne, hujenga tundu juu ya nguzo ndefu kando ya mto, halafu huenda kusini baridi ikianza. Nilimwonyesha Baba picha zote mbili. Akasema, "Kazi yake ni ileile. Jina linamtosha." Nimekubali. Kwenye nyumba yetu anaitwa furukombe.

Ndege huyo kuwepo hapo ni habari kubwa kuliko inavyoonekana. Kilomita chache juu ya korongo, pale Mto Blackfoot unapoingia Clark Fork, palikuwa na bwawa la Milltown. Lilikamilika 1908, na mwaka huohuo mafuriko makubwa yalibeba taka za migodi ya shaba kutoka Butte na Anaconda, mbali sana juu ya mto, yakazitua nyuma ya ukuta wa bwawa. Zikakaa pale chini ya maji, matope yenye sumu, watu wakiendelea na maisha yao. Mwaka 1981 ndipo ilipogundulika kwamba visima vya maji ya kunywa pale Milltown vina aseniki. Ilichukua miaka mingi ya vikao, vipimo na ubishi, mpaka tarehe 28 Machi 2008 walipoufungulia mto, ukapita pale huru kwa mara ya kwanza baada ya miaka 100. Matope mengi yaliyokuwa mabaya zaidi yalipakiwa kwenye treni na kurudishwa upande wa migodi.

Sisi tunatoka nchi ya shaba na dhahabu, kwa hiyo Baba hakuhitaji kuelezwa mgodi unaweza kuufanyia nini mto. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: "Nani alilipa?" Nikamwambia makampuni yalibanwa na sheria, wakalipa sehemu kubwa. Akanyamaza, tukatembea. Baadaye akasema, "Basi inawezekana." Ni mara chache nimemsikia Baba akisema hivyo kuhusu jambo lolote la serikali.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya mlima. Sentinel una herufi kubwa nyeupe ya M ubavuni, ya zege, inaonekana mji mzima. Njia ya kufika pale ni fupi, kama kilomita moja na robo, lakini inapanda karibu mita 190 kwa kwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto. Wanafunzi wa chuo wanaikimbia. Sisi tulipanda polepole, tukasimama kwenye kila kona, Baba akisema tunasimama kwa ajili yangu. Mwezi wa tano mteremko mzima unajaa maua ya njano yenye majani makubwa ya kijivu, na ukipumua kwa nguvu unasikia harufu ya misonobari.

Juu pale ukikaa kwenye M, mji wote uko miguuni. Mbele yako, ng'ambo ya mto, ni Mlima Jumbo. Huo una desturi yake: kuanzia tarehe 1 Desemba unafungwa, watu hawaruhusiwi kupanda, kwa sababu kulungu wakubwa wa huku hushuka kula majani wakati wa theluji na hawatakiwi kusumbuliwa. Upande wa kusini hufunguliwa katikati ya mwezi wa tatu, wa kaskazini mwezi wa tano. Mwaka 1995 wapiga kura wa mji walikubali kukopa dola milioni 5 kwa ajili ya kulinda maeneo ya wazi kama hayo yasijengwe nyumba. Nilipomwambia Baba, alishangaa zaidi kuhusu kulungu kuliko kuhusu pesa. "Mlima una likizo," akasema.

Halafu akanyoosha kidole. "Mama, unaona ile mistari?" (Mimi nimebeba jina la bibi yangu, mama yake, kwa hiyo naitwa mama.)

Ubavuni mwa Jumbo, kama jua limelala kidogo, unaona mistari mingi imelala, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi zilizochakaa. Nimeishi hapa miaka mingi nikiona mlima wenye nyasi tu.

"Ni alama za maji," Baba akasema. "Hapa palikuwa na ziwa."

"Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Naona. Ziwa likishuka linaacha mstari. Likikaa hapo muda, linakula mlima kidogo. Likishuka tena, mstari mwingine. Hata kwetu iko hivyo."

Na ni kweli kabisa. Mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 13,000 iliyopita, ulimi wa barafu kutoka upande wa Kanada uliziba mto huu karibu na mpaka wa Idaho. Maji yakarudi nyuma na kujaza mabonde yote ya magharibi mwa Montana. Mahali ulipo mji leo, maji yalifika kina cha karibu mita 300. Barafu ikashindwa kuyazuia, ikapasuka, ziwa zima likamwagika kuelekea jimbo la Washington hadi baharini. Kisha barafu ikasogea tena, ikaziba, ziwa likajaa, likapasuka. Mara nyingi sana. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alipoandika miaka ya 1920 kwamba nchi ya Washington ilichongwa na mafuriko makubwa, wenzake wengi walimkataa. Mwenzake J. T. Pardee ndiye aliyekuwa amelisoma ziwa lenyewe tangu 1910. Ilibidi Bretz asubiri hadi 1979, akiwa na zaidi ya miaka 90, ndipo wanajiolojia wa Marekani wakampa nishani yao kubwa.

Baba aliisoma mistari hiyo kwa macho tu, amekaa kwenye zege, anakula chapati baridi.

Nataka mlielewe vizuri kwa nini nawaambia haya. Ofisini mimi ndiye macho na mdomo wake. Watu wanamwona ni mtu asiyejua. Pale mlimani mambo yaligeuka: yeye alikuwa anasoma, mimi nasikiliza, na lugha ya kusomea ilikuwa Kiswahili. Sikuwa na cha kumtafsiria. Nilikuwa na maswali tu, na kila swali alilijibu kwa neno nililokuwa sina: mwambao, kina, genge, mteremko, kuzama, kuibuka.

Jumapili ya nne Mama alikuja pia, na chupa ya chai, kwa sababu alichoka kusimuliwa. Tulikwenda Fort Missoula, kusini-magharibi mwa mji, karibu na Mto Bitterroot. Kwa mwendo wa wazazi wangu ni kama saa mbili kutoka katikati, lakini njia ni tambarare. Ni kambi ya zamani ya jeshi, ilianzishwa 1877, sasa ni makumbusho na viwanja vya mpira.

Ukiwa mweusi Missoula, kuna swali utaulizwa kwa tabasamu: "Mlifikaje huku?" Kana kwamba tumeanguka kutoka mbinguni. Basi jibu moja liko Fort Missoula. Kuanzia 1888 hapo palikuwa na askari weusi wa kikosi cha 25 cha jeshi la miguu. Mwaka 1897 ishirini kati yao, wakiongozwa na luteni mzungu aitwaye James Moss, walipanda baiskeli hapo na kuendesha hadi St. Louis, zaidi ya kilomita 3,000, kwa siku 41. Baiskeli za chuma nzito, mizigo juu, matope, theluji milimani, maji machafu njiani. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Jibu halikufika mbali, mwaka uliofuata kikosi kikapelekwa vitani Kuba.

Mama aliangalia picha yao kwa muda. Wamepanga mstari, kofia zimekaa sawa, mikono kwenye usukani. "Hawa ni watoto wa watu," akasema. Halafu akamwaga chai, tukakaa kwenye majani. Mbele yetu kulikuwa na ile miti mikubwa ya kando ya mto ambayo mwezi wa sita inamwaga sufi nyeupe hewani. Baba akawa anamweleza Mama habari za ziwa, barafu, mlango wa Jehanamu na mlima wenye likizo, na kwenye kila jambo aliongeza chumvi kidogo. Sikumkosoa.

Mnaniuliza, je, mnahama? Bado haijajulikana. Mkataba wa nyumba unaisha mwezi wa nane, na sababu za Baba ni za kweli. Mto hauuzi sombe, na furukombe hawezi kukaa nawe msibani. Nikimwona amekaa peke yake jioni kabla ya kwenda kazini, najua Iowa bado iko kichwani. Lakini wiki iliyopita nilimsikia kwenye simu na binamu yake wa huko. Binamu alikuwa anamwuliza tarehe ya kuja. Baba akaanza kumweleza kuhusu mistari ya ubavuni mwa Jumbo, kina cha maji, kila kitu, kama mtu anayesifu shamba lake. Mwishoni akasema: "Kwanza njooni mtembee."

Sasa kazi yenu ya wiki mbili hizi, kabla ya kipindi kijacho. Mji wako lazima una maji mahali fulani, hata kama ni mfereji, wadi kavu au bwawa la bustanini. Mchukue mtu mzima mmoja wa kwenu: mzazi, mjomba, bibi, jirani wa msikitini au kanisani. Usimwambie "tukafanye mazoezi". Mwambie unaenda kutembelea maji. Nenda polepole. Usimfundishe chochote kwa dakika ishirini za mwanzo. Kisha mwulize mambo matatu: maji haya yanatoka wapi, huyu ndege kwenu mngemwitaje, na mahali ulipokulia maji yalikuwa upande gani wa nyumba. Hilo la mwisho ndilo linalofungua mdomo, nimelijaribu.

Ukipata neno ambalo hukuwa nalo, liandike, ulitumie siku hiyohiyo, na ututumie kwa ujumbe wa sauti. Ukilisikia kwa lafudhi ya Unguja, Mombasa, Bujumbura au Uvira, liache hivyohivyo. Tutayasoma yote hewani. Na mkipita Montana, karibuni mtembee.